Mnunuzi wa nyumba, tazama kwanza linakotua jua

Mtu anayekusudia kununua nyumba katika eneo hili letu la Malindi na Kilifi huwa na maswali mengi, na yote ni ya haki. Huuliza kama hati ya kumiliki ardhi ni halali, kama maji ya mfereji hufika au watu hutegemea kisima cha maji ya chumvi, kama barabara hupitika wakati wa mvua za mwaka, na kama bahari iko mbali au karibu. Swali moja ndilo nisilolisikia likiulizwa, nalo ni hili: jua la alasiri hupiga upande gani wa nyumba hii, na ni chumba gani kilicho upande huo?

Yamkini wapo watakaoona kwamba swali hili ni la watu waliodekezwa. Pwani ni joto, watasema, na atakaye baridi na aende Limuru. Hoja hiyo ina udhaifu wake. Joto la Pwani ni letu sote, lakini joto la ndani ya nyumba husababishwa na nyumba yenyewe. Nyumba mbili zaweza kusimama bega kwa bega huko Muyeye au Mtondia, zimejengwa kwa mawe yale yale na kwa mkono wa fundi yule yule, na wenye moja wakalala usingizi wa pono ilhali wenye ya pili wanatoa mikeka uani usiku wa manane. Tofauti iliyopo ni namna kila moja ilivyoelekezwa kwa jua na kwa upepo.

Sina nia ya kulidharau suala la hati. Pwani hii ina historia chungu ya ardhi. Tangu wakoloni walipopitisha Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908, watu wengi wamejikuta wakiitwa maskwota katika mashamba waliyozaliwa na babu zao. Kwa hiyo mnunuzi anayekwenda afisi ya ardhi kuchunguza jina lililoandikwa katika daftari anafanya jambo la busara. Lakini hati haisemi chumba cha kulala kinatazama wapi. Tena ukuta ukipasuka utazibwa, bomba likitoboka litabadilishwa, hata hati yenye kasoro yaweza kupelekwa mahakamani ikarekebishwa. Nyumba iliyogeuzwa vibaya haigeuziki tena. Mwenyewe ataishi nayo, na wanawe watairithi ikiwa hivyo hivyo.

Jambo linalozidisha hatari hii ni majira ambayo watu hununua. Wanunuzi wengi hutoka bara au ng'ambo, nao huja kutazama nyumba wakati wa likizo ya Agosti. Agosti hapa kwetu kusi huvuma, mawingu ni mengi, na joto la mchana kwa kawaida halizidi nyuzi 28 au zaidi kidogo. Mwezi huo kila nyumba ni nzuri. Isitoshe, dalali humpeleka mteja saa nne asubuhi, wakati ambapo ukuta wa magharibi bado una kivuli na ukiushika kwa mkono ni baridi kama mtungi. Mteja huvuta pumzi, husifu upepo, hulipa arubuni. Anayoyaona Agosti siyo atakayoyapata Machi, kusi limekwisha, kaskazi linalegea, mvua bado, na kipimo cha joto kinasoma nyuzi 32 kivulini na hewa imejaa unyevu. Kwa ufupi, nyumba hununuliwa Agosti na hukaliwa Machi.

Ili tuelewane, hatuna budi kulitazama jua lenyewe. Mji wa Malindi uko takriban nyuzi 3 na robo kusini mwa Ikweta, na Kilifi nyuzi 3 na nusu na zaidi kidogo. Kwa sababu hiyo jua hutupitia utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 12 Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Kati ya Machi na Oktoba adhuhuri hulikuta upande wa kaskazini. Kati ya Oktoba na Machi hulikuta upande wa kusini. Lakini haliendi mbali. Mwezi wa Juni huinama kaskazini kwa nyuzi 27 hivi kutoka utosini, na Desemba huinama kusini kwa nyuzi 20 tu.

Maana ya hesabu hiyo kwa mwenye nyumba ni kubwa. Ukuta unaotazama kaskazini na ule unaotazama kusini hulindwa kwa urahisi. Upenu wa paa ukitokeza nje ya ukuta kwa mita moja, adhuhuri ya Juni huutia ukuta wa kaskazini kivuli cha karibu mita mbili kwenda chini, na adhuhuri ya Desemba huutia ukuta wa kusini kivuli cha zaidi ya mita mbili na nusu. Ukuta wa magharibi hauna bahati hiyo. Saa kumi na nusu alasiri jua huwa limeshuka, na upenu ule ule wa mita moja hutia kivuli cha nusu mita au zaidi kidogo. Saa moja baadaye kivuli hicho hubaki robo mita. Dirisha lote liko wazi kwa jua, na jua linaingia mpaka juu ya godoro. Ukuta wa mashariki nao hupigwa vivyo hivyo asubuhi, ila jua la asubuhi huikuta nyumba imekwisha kupoa usiku kucha. Jua la alasiri huikuta imekwisha kuchoka.

Kisha lipo jambo ambalo wengi hawalifikirii. Ukuta wa mawe haupitishi joto papo hapo. Hulinywa polepole na kulitoa polepole. Ukuta wa kawaida wa inchi 8, wa mawe ya matumbawe au wa matofali ya simiti, huchukua muda wa saa tano au sita hivi kulifikisha ndani joto lililopiga nje. Basi jua lililouchoma ukuta saa kumi alasiri hujitokeza chumbani saa tatu au saa nne usiku, wakati hasa mtu anapopanda kitandani. Ndiyo sababu watu hustaajabu kwamba nje kuna upepo mwanana na nyota zimeng'aa, ilhali chumbani mtu anatoka jasho kama aliye jikoni. Tena katika ramani nyingi zinazochorwa siku hizi, vyumba vya kulala ndivyo vinavyosukumwa upande wa nyuma, na penye nyumba zinazotazama bahari upande wa nyuma ni magharibi.

Paa nalo lina kesi yake. Jua la utosini, lile la Machi, halipigi kuta, hupiga paa. Jua kali la adhuhuri, mbingu zikiwa wazi, humwaga takriban wati 1,000 juu ya kila mita moja ya mraba. Nyumba yenye paa la mita 100 za mraba, basi, ni kana kwamba imewekewa juu yake pasi 100 za umeme, kila moja ya wati 1,000, zote zimewashwa. Kama paa hilo ni mabati matupu yasiyo na dari chini yake, joto hilo humshukia aliyeketi ndani. Kama ni zege tambarare lisilo na kizuizi cha joto, hulihifadhi na kulirejesha usiku, na hili wanalijua vyema wapangaji wa ghorofa ya juu kabisa. Paa lililoinuka, lenye dari, na lenye matundu ya kutolea hewa kati ya dari na bati, ni jambo la kuulizia kabla ya vigae vya sakafu.

Baada ya jua ni upepo, na hapa lugha yetu yenyewe ni mwalimu. Maneno kaskazini na kusini yametokana na pepo zetu mbili, kaskazi na kusi. Mashariki na magharibi ni maneno ya jua, kuchomoza kwake na kuzama kwake. Waliotumia maneno hayo kila siku walikuwa wakijikumbusha kwamba pande mbili ni za upepo na pande mbili ni za jua. Nyumba iliyotandazwa kwa urefu kutoka mashariki hadi magharibi huzipa pepo kuta zake ndefu zenye madirisha, na hulipa jua kuta zake fupi. Kaskazi, livumalo kutoka kaskazini-mashariki tangu Desemba hadi Machi, huingia upande mmoja. Kusi, livumalo kutoka kusini na kusini-mashariki kwa miezi ya katikati ya mwaka, huingia upande wa pili. Si kila nchi iliyojaliwa hivyo, jua na upepo wakakubaliana.

Hata hivyo, upepo hauingii mahali pasipo na njia ya kutokea. Chumba chenye dirisha moja ni chupa. Hata madirisha mawili yakiwa ukuta mmoja, faida yake ni haba. Pia yafaa kutazama aina ya dirisha. Yale ya vioo vya kusukuma kando, yanayopendwa sana leo kwa umaridadi wake, hufunguka nusu tu. Nusu ya pili ni kioo kilichofunga njia. Na ukuta mrefu wa uzio uliojengwa karibu sana na dirisha hukinga mwizi na upepo kwa pamoja.

Wazee wetu hawakuwa na vipimo vya wati, lakini walikuwa na macho. Ukiyazuru magofu ya Gedi, ambayo UNESCO iliyatia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, utaona kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, vyumba virefu vyembamba, na nyua zilizochimbwa chini kidogo mbele ya majumba, ambako kivuli hukaa. Ukizunguka mitaa ya zamani ya Malindi utakuta nyumba yenye baraza mbele na ukumbi unaokwenda moja kwa moja kutoka mlango wa mbele hadi uani, kiasi kwamba milango miwili ikifunguliwa upepo hupita kama mgeni anayeijua nyumba. Paa la makuti, kwa wingi wa tabaka zake, huzuia joto na kupumua. Sisemi kwamba tuyarudie yote hayo. Vyumba vya zamani vingi vilikuwa na giza, na makuti ni chakula cha moto. Nasema kwamba wajenzi hao walianza na jua na upepo, kisha wakaja kwenye mapambo. Sisi tunaanza na mapambo.

Nayajua majibu ninayoweza kupewa. La kwanza ni bahari. Ufuo wetu kwa jumla unatazama mashariki na kusini-mashariki, na anayelipa fedha nyingi kwa ploti ya Bofa, Watamu au Mambrui ataka kuamka akiyaona mawimbi. Ni haki yake. Lakini nyumba inaweza kutazama bahari bila kumwadhibu aliye nyuma. Upande wa magharibi na uwe wa jiko, stoo, ngazi, bafu na choo, yaani mahali ambapo mtu hapiti usiku kucha. Mbele na kuwe na baraza pana ya kukinga jua la asubuhi. Mnunuzi anayekuta kinyume chake, bafu limepewa upepo wa bahari na kitanda kimepewa jua la magharibi, ana sababu ya kutosha ya kuteremsha bei au kwenda zake.

Jibu la pili ni kiyoyozi. Kiyoyozi cha kawaida cha chumba kimoja hula takriban kilowati moja ya umeme kinapofanya kazi. Kikinguruma saa nane mfululizo, hizo ni uniti nane kwa usiku mmoja na kwa chumba kimoja. Zidisha kwa vyumba vya kulala, zidisha kwa siku za mwezi, na uongeze chumvi ya bahari inayokila chombo chenyewe. Mtu aliyeuziwa nyumba iliyogeuzwa vibaya kwa bei ya chini kidogo huanza hapo kuilipa tofauti, mwezi baada ya mwezi, asiione mwisho wake. Na usiku ule umeme unapopotea, hubaki ndani ya sanduku la mawe lisilo na njia ya upepo, kwa kuwa lilijengwa kwa matumaini ya kiyoyozi. Tusisahau pia kwamba dunia inazidi kupata joto. Mwaka 2024 ulikuwa wenye joto kuliko yote iliyowahi kupimwa. Nyumba inunuliwayo leo kwa mkopo wa miaka ishirini itakutana na Machi zilizo kali kuliko hizi.

Jibu la tatu ndilo linalonigusa zaidi: kwamba haya ni mazungumzo ya matajiri, na mnyonge hachagui. La hasha! Mnyonge ndiye anayeumizwa kwanza, kwa sababu hana kiyoyozi cha kufichia makosa ya mjenzi. Kuna jambo la afya ndani yake. Utafiti uliofanywa hapa hapa Kilifi na kuchapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba vyandarua vilivyotiwa dawa vilipunguza vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano kwa takriban theluthi moja. Dunia nzima ilijifunza kutoka kwetu. Lakini chandarua hupunguza upepo unaomfikia aliyelala, na katika chumba kilichochomwa na jua la alasiri mtoto hukipiga teke, au mama hukipandisha juu kwa huruma, au jamaa wote hutoka nje kulala barazani bila kinga. Nyumba yenye joto humfungulia mbu mlango ambao serikali na madaktari wamejitahidi kuufunga.

Tena mwenye kipato kidogo anazo njia zake. Mti wa mwarobaini au mwembe uliopandwa upande wa magharibi, si karibu mno na msingi, ni ngao isiyotumia umeme. Banda la makuti lililoegemezwa kwenye ukuta huo hufanya kazi hiyo hiyo, na kuku wakalala chini yake. Chokaa nyeupe juu ya ukuta na rangi nyeupe juu ya bati hurudisha mwanga mwingi ulikotoka. Tundu lililotobolewa juu karibu na dari, likazibwa kwa wavu, huitoa hewa moto. Na anayepanga chumba kimoja Kibaoni au Maweni anaweza, kabla ya kulipa kodi ya mwezi wa kwanza, kuchagua kati ya chumba cha mashariki na cha magharibi, ikiwa vyote viwili viko wazi. Mara nyingi bei ni moja.

Basi mnunuzi afanyeje? Kwanza ajue pande za dunia mahali hapo. Simu nyingi zina dira, lakini hata asiyekuwa nayo hana udhuru. Maka iko karibu kabisa kaskazini mwa Malindi, na kwa hiyo kibla cha kila msikiti wa mwambao huu huelekea kaskazini. Autazame msikiti ulio karibu, auone upande wa kibla, na hapo ameipata kaskazini. Magharibi itakuwa mkono wake wa kushoto anapoikabili. Pili, airudie nyumba hiyo baina ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni, auwekee ukuta wa magharibi kiganja, aketi katika kila chumba cha kulala milango ikiwa imefungwa, kwa muda usiopungua robo saa. Tatu, akiweza, aje kati ya Februari na Aprili. Asipoweza, awaulize majirani au mpangaji anayehama, wala si muuzaji: watu wa nyumba hii hulala wapi mwezi wa Machi? Wakijibu barazani, amekwisha kupata habari yake.

Wengine pia wana wajibu. Serikali ya kaunti, inayopitisha ramani za majengo, ingeweza kudai kwamba kila ramani ionyeshe waziwazi njia ya jua na ya upepo, na kwamba mjenzi aeleze atakavyoukinga upande wa magharibi. Wanaokata mashamba kuwa ploti wangeweza kuzipanga barabara zao ili nyumba nyingi zipate kutazama kaskazini na kusini. Gharama ya kuchora mstari huku badala ya kule ni sawa. Madalali nao wangeandika katika matangazo yao nyumba inatazama wapi, kama wanavyoandika idadi ya vyumba. Taifa limepata kanuni mpya za ujenzi za mwaka 2024 mahali pa zile za mwaka 1968. Ni vyema. Lakini kanuni yaweza kumlazimisha mjenzi aache dirisha, haiwezi kumlazimisha mnunuzi afungue macho.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Katika jambo hili mjukuu huyo huja mapema, mara nyingi Machi ya kwanza baada ya funguo kukabidhiwa, na akishafika haondoki. Anayekwenda wiki hii kutazama nyumba, iwe jumba la ufuoni au chumba na sebule huko Tezo, namsihi asitie sahihi asubuhi. Aagane na dalali kwa heshima, anywe chai mjini, kisha arudi peke yake jua likielekea kutua.